Dawa Tutazisema Siku Nyingine

Kanisa letu la mtaa wa Kinama lilikuwa na tatizo la shuhuda ndefu. Mtu alisimama kumshukuru Mungu kwa kupona malaria, akaanzia safari ya babu yake kutoka Fizi, na kabla hajaifikia homa yenyewe maharage ya watu yameshaungua nyumbani. Mchungaji akaniomba nimsaidie. Mimi nilikuwa mgeni, mmisionari niliyetumwa na kanisa la kwetu Kigoma kuhudumia watoto wagonjwa, muuguzi mstaafu mwenye maneno machache na saa mkononi. Kila Jumamosi alasiri wenye ushuhuda wa kesho yake walinijia mmoja mmoja, wakanisimulia, nami nikawapunguzia. Dakika tatu, basi. Niliipenda kazi hiyo kuliko inavyompasa mtu mnyenyekevu.

Kazi iliyonileta hasa ilikuwa ya Jumatano. Katika chumba cha pembeni mwa kanisa tuliwapokea watoto wenye kifafa. Daktari wa mjini alikuja mara moja kwa mwezi kuwapima. Wiki nyingine nilibaki peke yangu na makopo ya vidonge, nauliza kila mama mtoto ameanguka mara ngapi. Nilikuwa mkali kwa jambo moja tu. Dawa hizi ukizikatiza ghafla ugonjwa hurudi na hasira, na nililisema hilo mpaka watoto wenyewe wakawa wananiigiza, kidole juu, sauti ya puani.

Mama mmoja, mzaliwa wa upande wa Uvira aliyehamia mtaani kwetu, alikuwa muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Binti yake alikuwa na miaka saba na alama za kuanguka juu ya nyusi zote mbili. Siku ya kwanza nilimuuliza nyumbani wanaishije na majirani. Akaniambia kwenye ua wao mtoto ana kikombe chake, kimefungwa uzi mwekundu kwenye mshikio, ili mwenzake asije akanywea. Watu waliamini kifafa kinaambukiza kwa mate. Mtoto akianguka, wote walikimbia, na mama ndiye aliyebaki kumshika.

Tulimwanzishia vidonge. Mwezi wa kwanza alianguka mara mbili, wa pili mara moja, wa tatu hakuanguka kabisa. Mama yake akaacha kumfunga mgongoni, msichana mkubwa vile, kila alipokwenda ufukweni kuchukua samaki. Akaja Jumamosi, amevaa kitenge kizuri, anataka kushuhudia.

Alianza hivi: "Mungu alituonyesha hapa kwa mama munganga, wakatupatia dawa, na mutoto anakunywa kila siku, na krizi zimeacha." Mama munganga ndiye mimi, na krizi ni kule kuanguka.

Ulikuwa ushuhuda mfupi, mzuri na wa kweli. Haukuhitaji mkasi wangu. Lakini wiki ile nilikuwa nimepokea ujumbe wa sauti kutoka Kigoma, mzee wa kanisa ananiambia kwa upole kwamba waumini wanaomba sana, je, matunda yapo? Mwaka mzima nilikuwa nimewatumia habari za vidonge. Nani anapiga vigelegele kwa habari za vidonge? Nikamtazama yule mama, nikauona ushuhuda ambao ungewainua watu vitini.

Nikamwambia, "Anza na Mungu, umalize na Mungu. Dawa tutazisema siku nyingine."

Akaniuliza, "Hata kidogo nisizitaje?"

"Hata kidogo. Watu wasije wakachanganyikiwa."

Jumapili alisema kama nilivyompanga. Mtoto alikuwa anaanguka, sasa haanguki, Mungu amemponya. Kanisa zima lilisimama. Mama mmoja wa ua wao, wale wale waliomtengea mtoto kikombe, alitoka mbele akambeba mtoto na kumbusu shavuni. Nililia, na sisemi uongo, nilikuwa na furaha ya kweli. Nilirekodi kwa simu nikatuma Kigoma, na jioni walinijibu kwamba wameusikiliza mara tatu.

Jumatano iliyofuata hakuja. Nikasema labda samaki wamepatikana kwa wingi, amekwenda sokoni. Jumatano ya pili hakuja tena. Mimi niliyekuwa namfokea mama yeyote akikosa siku moja, niliendelea kuhesabu vidonge vya wengine. Nikiwa mkweli, nilijua. Sehemu fulani ya moyo wangu ilijua tangu Jumatano ya kwanza, na ikaona ni afadhali isiulizwe.

Jumatano ya tatu nilifunga chumba nikaenda kwa miguu mpaka kwao. Mlango ulikuwa umerudishwa na nje hapakuwa na mtoto anayecheza. Mama aliponiona aliinamisha kichwa. Binti alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono wa kulia umeviringishwa khanga, na harufu ya dawa ya meno waliyompaka ilijaa chumbani. Alikuwa ameangukia babula, jiko lile la makaa, uji ukiwa juu yake. Siku nne zilikuwa zimepita. Nilipofungua khanga niliona vidole viwili vimeshikana.

"Mbona hukuja, mama?" nilimuuliza. "Siku nne zote hizi?"

"Ningekuja namna gani? Watu wote walinisikia nikisema mutoto amepona. Wakiniona kwenye mustari wa dawa watasema nini?" Akanieleza kwamba Jumatatu, kesho yake baada ya ushuhuda, majirani walikata ule uzi mwekundu na mtoto akaanza kunywa pamoja na wenzake. Siku hiyo hiyo mama aliacha kumpa vidonge, kwa sababu mtoto humeza nje, bombani, na wote wanaona. "Na we ulisema tutazisema siku nyingine. Nilingojea hiyo siku."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema lolote juu ya anayemfundisha mwingine kuficha.

Tulichukua teksi mpaka hospitali. Wauguzi waliingia naye ndani kumsafisha kidonda, sisi tukaambiwa tungoje kwenye benchi la nje. Tulimsikia akilia. Mama yake alikaa na viatu vya mtoto mapajani, kisha akanigeukia, mikono ameiweka pamoja kama anayepokea kitu.

"Mama munganga, mi naomba unisamehe. Nimekuharibia ushuhuda."

Nilikuwa na kila neno la kumjibu. Ningeweza kumwambia kwamba ni mimi niliyeuharibu, Jumamosi, na saa yangu mkononi. Ningeweza kupiga magoti pale pale. Lakini miaka mingi ya kuombwa msamaha na wagonjwa walioacha dawa ilikuwa imenizoesha jibu moja, na kiburi changu kikalikumbuka haraka kuliko dhamiri yangu.

"Nimekusamehe," nikasema.

Akashusha pumzi na kunishika mkono, akanishukuru.

Jumapili mbili baadaye nilimwomba mchungaji dakika tatu, akanipa. Nilikusudia kusema yote. Niliposimama niliwaambia akina mama wasiache dawa, kwamba Mungu huponya na kwa dawa pia, na kwamba kifafa hakiambukizi. Maneno sahihi kabisa. Nani aliyemwambia nani asizitaje, hilo sikulisema, na Kigoma sikutuma kitu. Mchungaji alinisifu kwa ufupi wangu.

Binti amerudi kwenye vidonge na hajaanguka tangu hapo. Vile vidole viwili havikunyooka. Anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na mwalimu wake anamgombeza kwa mwandiko. Mama yake huwahi kila Jumatano, wa kwanza mlangoni. Akija mama mpya mwenye aibu, aliyeacha dawa na anaogopa kuingia, yeye ndiye anayemshika mkono. Namsikia kutoka ndani nikihesabu vidonge.

"Ingia tu, yaya, dada yangu, usiogope," anamwambia. "Huyu ni mutu wa kusamehe. Mi alinisamehe."