Mahali pa Wafula

Nilitoka semina ya siku mbili kuhusu kinachowasukuma watu kufanya kazi nikijiona daktari wa mioyo. Nilikuwa msimamizi mgeni wa karakana ya sare za shule hapa Kitale, na mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa Wafula, fundi hodari ambaye bidii ilikuwa imemwisha.

"Wafula, nini kinakuvunja moyo?"

"Si ni mahali tu, madam."

Mjinga angesikia mahali. Mimi nilishasikia kwamba watu wa kwao Bungoma huchanganya l na r, basi nikamsahihisha kimoyomoyo: mahari. Maskini, anataka kuoa!

Ijumaa mchana nikawakusanya mafundi wote. "Wafula ana ndoto," nikatangaza kwa sauti ya semina. "Tumchangie mahari!"

Makofi yalilia, isipokuwa ya mwanamke aliyesimama mlangoni na chakula cha Wafula.

"Mahari ya nani?" akauliza. "Mimi bibi yake, ng'ombe zangu zilishalipwa."

Wafula akashika kichwa. "Madam, nilisema mahali! Pale nashonea ni giza, hata sindano sioni, bana. Si ungenisongeza tu kwa dirisha?"

Wote wakageukia dirisha. Lilikuwa moja tu, na chini yake ilikuwa meza yangu.