Kuku wa Tumba na Jioni Isiyoisha

Nawaogopa kuku. Kwa miaka mingi nilikana, nikisingizia mzio wa manyoya, kwa kuwa mtu wa Kakamega hawezi kusema neno kama hilo mbele za watu akaendelea kuheshimiwa. Kuku aliye kwenye sahani hana shida. Ni yule anayenitazama kwa jicho moja.

Ndiyo maana karibu haya yote niliyaona kupitia dirisha la jikoni la rafiki yangu, Mkongo wa Bukavu, mhasibu, aliyekuwa akifuga kuku sita nyuma ya nyumba yake kule Tumba, huku ughaibuni.

Kosa lilikuwa letu sote wawili. Kwetu na kwao, kuku hurudi wenyewe giza likiingia, nawe unafunga mlango wa banda. Basi Juni ile tukaketi ndani na chai tukingoja giza, tukasahau kwamba Juni ya huku kaskazini, jua likikawia hadi karibu usiku wa manane, haina haraka nalo. Mbweha alikuja kweupe, akabeba wawili.

"Akikamata moja tena, nachinja yote," rafiki yangu alisema. "Heri nikule miye."

"Nunua taa za kumtisha," nikasema. Nilikuwa nimesoma makala.

"Taa? Na hili jua lote? Ma chère, kunywa chai yako."

Alichimba mtaro kuzunguka banda, akafukia wavu wa waya humo, maana mbweha hupenda kupitia chini. Kisha akaanza kuwafundisha wale wanne. Kila jioni akitoka kazini, bado na viatu vya ofisini, aligonga sufuria kwa mwiko, akamwaga mahindi bandani, akaita. Walimpuuza. Aliwafuata mmoja mmoja chini ya vichaka, akawabeba kwapani kama mikoba, bila hasira, na kesho yake akagonga tena. Majirani walichungulia juu ya ua, hakuwajali. Mimi sijawahi kufanya jambo lolote kwa uthabiti ule, hata shahada yangu. Mwishowe nikawaona wakikimbilia banda jua likiwaka, wakisukumana mlangoni.

Lakini mbweha alikuwa hajarudi, kwa hiyo hatukuwa na hakika ya chochote.

Simu ilinikuta kwangu Hallonbergen, nikikausha vyombo.

"Dada, iko hapa," alinong'ona. "Imechimba, imekuta waya. Sasa imekaa kwenye majani, inatazama mulango."

"Na kuku?"

"Yote ine iko ndani. Sichinji mutu."