Mpira wa Kabureta ya Bibi Shamba wa Nkololo

Kabla sijaeleza nilichokifanya, ni haki msomaji azijue hali tulizofanyia kazi. Simiyu ilikuwa bado haijawa mkoa. Karakana yetu ya Bariadi ilikuwa banda la mabati, nayo ilihudumia pikipiki za mabwana shamba na mabibi shamba waliozunguka vijijini kuwaelekeza wakulima wa pamba. Zilikuwa pikipiki za zamani, za mipigo miwili. Katika injini ya namna hiyo, pistoni hailainishwi na oili iliyowekwa pembeni. Dereva huichanganya oili na petroli kwa kipimo, na mchanganyiko huo ndio unaofanya kazi zote mbili. Wakati wa kiangazi vumbi liliingia kila penye upenyo. Wakati wa masika udongo mweusi wa mbuga ulishika magurudumu mpaka injini zikachemka.

Kilichoumia kwanza kilikuwa mpira mfupi unaounganisha kabureta na injini. Kabureta huchanganya petroli na hewa, na mpira huo huupitisha mchanganyiko kwenda kwenye silinda. Ukipasuka, injini hunyonya hewa ya ziada kupitia ufa. Petroli huwa haba, na oili iliyomo ndani ya petroli huwa haba vilevile. Pistoni hupata joto kupita kiasi, na hatimaye huungua.

Siku yangu ya kwanza kazini Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinipa mpira wa namna hiyo akaniagiza niutafute ufa. Niliugeuza kwa muda mrefu, nikamwambia ni mzima. Akaukunja kwa vidole viwili, na ufa ukafunguka mbele ya macho yangu.

"Umeutazama ukiwa umepumzika," akasema. "Mpira uliopumzika hudanganya, na mpira baridi hudanganya zaidi. Ukunje. Ukishaufunga, ujaribu injini ikiwa moto."

Taratibu zake zilikuwa chache, na hakuruhusu hata moja irukwe. Mpira huvuliwa, huoshwa, hukaushwa, hukwaruzwa kwa msasa. Ufa hujazwa gundi maalumu isiyoyeyushwa na petroli, iliyoletwa kwa kopo kutoka Mwanza, kisha huachwa siku nzima ikauke. Mwishoni injini huwashwa mpaka ipate moto, ndipo hudondoshewa maji ya sabuni kuuzunguka mpira. Mlio ukibadilika, hewa bado inapita. Matokeo huandikwa katika daftari la majaribio na fundi hutia sahihi yake. Solusheni, ile gundi ya kuzibia viraka vya tairi, aliipiga marufuku kabisa, kwa sababu petroli huiyeyusha.

Nilikwisha kufanya kazi miaka kadhaa, na nilikwisha kujiona hodari, Milembe alipoleta pikipiki yake. Alikuwa bibi shamba wa Nkololo, mwanamke wa kwanza katika ofisi yetu kukabidhiwa chombo hicho. Alisema injini inakohoa na inapata moto upesi. Niliukunja mpira, nikauona ufa. Nikaliendea kopo la gundi, nikakuta gundi imekauka kama jiwe. Mtu wa mwisho kulitumia nilikuwa mimi, na kifuniko sikukikaza.

Kuomba kopo jingine kulimaanisha kumweleza Fundi Mkuu sababu. Sikutaka kumweleza. Nikachukua solusheni, nikaziba ufa, nikauzungushia kipande cha mpira wa baiskeli na waya, nikaijaribu injini ikiwa baridi. Mlio ulitulia. Katika daftari nikaandika: imejaribiwa ikiwa moto, haipitishi hewa. Nikatia sahihi.

Hata wiki haikuisha. Pikipiki ilirudishwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, na mafundi wenzangu wakamtania Milembe kwamba sasa ameipata pikipiki inayokula majani. Alicheka nao. Aliamini ni hitilafu ndogo.

Niliifungua injini peke yangu. Pistoni ilikuwa imeungua na kung'ang'ania silinda. Kwenye mpira, solusheni ilikuwa imelainika kama uji, na ufa ulikuwa wazi. Niliuvua, nikautia mfukoni. Mahali pake nikafunga mpira mzima nilioutoa kwenye pikipiki mbovu iliyoingia karakana siku hiyohiyo.

Afisa Usafirishaji aliitisha kikao pale karakana. Fundi Mkuu alilifungua daftari, akausoma mwandiko wangu, akalifunga. Aliniamini. Afisa akasema kwamba kwa hiyo oili haikuchanganywa, na kwamba tangu mwanzo alishauri chombo hicho asipewe mwanamke. Milembe akatoa kwenye mkoba chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, iliyochorwa mstari kwa msumari, akaiweka mezani.

"Kila lita nimeipimia kwa hii, mkuu. Sijakosea hata mara moja." Kisha akanigeukia. "Baba fundi, wewe ndiye uliyeifungua. Sema ulichokikuta."

"Nimekuta pistoni imeungua, mayu," nikajibu, nikimwita mama kwa Kisukuma. "Huungua hivyo oili ikiwa haba."

Kila neno katika jibu hilo lilikuwa kweli, na nililichagua kwa sababu hiyo. Milembe aliitazama chupa yake, akairudisha mkobani. Alinyang'anywa pikipiki, akapewa onyo la maandishi, na vijiji vya Nkololo akavizungukia kwa miguu.

Baadaye nilihamishiwa Maswa, kisha Nyashimo, kisha nikarudishwa Bariadi nikiwa Fundi Mkuu. Niliwafundisha wengine kukunja mpira kwa vidole viwili. Kila nilipofundisha, niliogopa kwamba mmoja angeniuliza kama mimi mwenyewe nimewahi kuuruka utaratibu. Hakuna aliyeuliza. Nilipostaafu, siku ya kuniaga nilisifiwa kwamba daftari langu halikuwahi kuwa na shaka. Nilishindwa kula chakula nilichoandaliwa.

Mwezi uliofuata nilisafiri hadi Ipililo, ambako Milembe analima baada ya kustaafu. Nilimkuta akichambua pamba uani.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba fundi. Umezeeka."

Niliutoa ule mpira niliokuwa nimeuficha tangu siku ile, nikamweleza yote tangu kopo la gundi. Aliupokea, akaukunja kwa vidole viwili bila kuelekezwa, akautazama ufa.

"Oili nilipima mwenyewe," akasema, "kwa hiyo nilijua si oili. Ila miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza kama mkono wangu uliwahi kutetemeka." Akanirudishia mpira. "Mimi usinililie. Andika. Uwapelekee walioandika lile onyo, uweke sahihi kama ile ya daftarini."

Nawaandikia mafundi vijana haya kwa sababu ya neno lake hilo. Ufa ule ulikuwa mfupi kuliko ukucha, na kopo la gundi lingeletwa kwa basi la siku ya pili. Nilichokuwa nakilinda ni jina la fundi asiyesahau kukaza kifuniko.

Niliipeleka barua. Ilipokelewa, ikagongwa muhuri, ikawekwa katika jalada la Milembe pamoja na lile onyo. Kuanzia siku ya kikao kile hadi siku niliyostaafu, hakuna mwanamke mwingine aliyekabidhiwa pikipiki katika ofisi yetu.