Tela la Fundi wa Meno

Shangazi yangu hutengeneza meno. Hang'oi wala hazibi. Anatengeneza yale ya kuvaa, ya watu waliobaki na fizi tupu. Akiitwa daktari anakataa. "Mimi ni seremala wa midomo," husema, na kweli chumba chake cha kazi ni kama karakana ya seremala, vumbi jeupe kila mahali hadi kwenye nyusi zake. Nikitoka shule hupitia kwake na kufanyia hesabu zangu kwenye kona ya meza, katikati ya taya za plasta ambazo zimekenua mchana kutwa. Nimezizoea.

Mwaka huu alinunua tela la kulala, kibanda cha magurudumu mawili chenye kitanda, sinki na dirisha moja, kutoka kwa mhandisi wa barabara aliyekuwa anahama. Alikuwa na sababu. Wateja wake wengi wako mji mdogo wa mbali, mwendo wa saa tano kwa gari. Na meno mapya hayakai sawa siku ya kwanza. Yanabana hapa, yanachubua pale, lazima yasuguliwe kidogo, yajaribiwe, yasuguliwe tena. Zamani alikwenda na mkoba tu, akarudi na meno nyumbani kuyasugua, na mwenye meno huko anabaki kula uji miezi miwili mingine. Sasa angekwenda na karakana nzima.

Watu kumi na wanne walikuwa wanamsubiri Jumamosi. Mmoja tulimpa jina la Mama Pazia. Ni mkunga, lakini tangu alipong'olewa meno ya mwisho hajatoka nje ya nyumba, na wanawake wanaomfuata huambiwa na mwanawe kwamba amelala. Hata Shangazi alipokwenda kumpima, walizungumza kwanza kupitia pazia la dirisha.

"Nimemwambia Jumamosi," Shangazi alirudia wiki nzima. "Nikiikosa, yule hatanifungulia tena."

Alhamisi alasiri tukapakia, na tulipakia kwa huruma. Gari letu ni dogo na limekula chumvi, kwa hiyo Shangazi akaamua vitu vizito vikae nyuma kabisa ya tela, mbali na gari, lisije likalemewa. Magunia matano ya unga wa plasta, pipa la maji, sanduku la vyuma, vyote nyuma. Tulipomaliza, ile shingo ya chuma inayoshikana na gari ilikuwa nyepesi kiasi kwamba niliiinua kwa mkono mmoja. Tukapongezana.

Ndipo akaja Ngoja Kwanza kuunganisha nyaya za taa. Ni fundi magari wa mtaani kwetu, na jina hilo amepewa kwa sababu hajawahi kukubali jambo lolote bila kutamka maneno hayo kwanza. Aliishika shingo ya tela, akaipandisha, akaishusha.

"Dada, nani kapakia hapa?"

"Mimi na mwanangu huyu."

"Ngoja kwanza. Mbona nyepesi hivi?"

"Si ndiyo vizuri?" nikasema.

"Ndiyo ubaya wenyewe."

Nilidhani ananitania. Akaomba mizani ya bafuni, akaiweka chini ya shingo juu ya tofali. Kilo kumi na mbili. Akasema kwa tela kama hili anataka kilo sabini hivi. Tela lenye mkia mzito, akaeleza, likishika mwendo huanza kuyumba, kushoto, kulia, kila yumbo kubwa kuliko lililopita, mpaka linaamua lenyewe mnakwenda wapi.

Tukahamisha magunia, tukayaleta juu ya magurudumu na mbele kidogo. Kilo sitini na nane. Ngoja Kwanza akaridhika. Lakini tulipolifunga tela kwenye gari, gari likakaa kitako.

"Sasa limelemewa," nikamwambia. "Si ndicho tulichokuwa tunakikimbia?"

"Kidogo linatakiwa likae. Likizidi, magurudumu ya mbele yatakuwa yanaigusa lami kwa adabu tu, na usukani hautakusikiliza."

"Kwa hiyo ikiwa nyepesi ni mbaya, na ikiwa nzito ni mbaya?"

"Umeelewa."

"Sijaelewa."

"Basi uko njiani."

Shuleni nafanya vizuri katika fizikia. Nilijiona kama sijawahi kuisoma.

Kisha akaomba kitabu cha gari. Shangazi akakitoa kwa mbwembwe, maana hapo alikuwa na uhakika. Ukurasa aliukunja tangu kabla hajanunua tela. Gari lile lina ruhusa ya kuvuta kilo elfu moja na mia mbili, na kibati cha tela kinasema mia saba na themanini.

"Nimebaki na nafasi ya kilo mia nne na ishirini," akasema. "Nilipiga hesabu, mimi si mtoto."

"Hiyo mia saba na themanini ni tela tupu. Lakini ngoja kwanza, soma mstari wa chini."

Shangazi akasoma, sauti ikapungua. Elfu moja na mia mbili ni kwa tela lenye breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki, mwisho kilo mia tano.

"Hili lina breki," akasema haraka. "Mkono wake huo hapo."

Ngoja Kwanza akapiga jeki, akavuta ule mkono wa breki mpaka mwisho, akaniambia nizungushe gurudumu. Likazunguka kama feni. La upande wa pili, vilevile. Kilichotoka ndani ni kutu tu.

"Breki zilikufa zamani. Hesabu yako dada ni ya mia tano."

Nikapiga hesabu kichwani mara tatu. Tukitoa plasta, tukimwaga maji, tukitoa kitanda na sinki, bado. Tungebaki tunalitoa tela ndani ya tela.

"Lakini jana nimelivuta hadi kona na kurudi," Shangazi akasema. "Gari halikukoroma hata kidogo."

"Kuvuta hakuna shida. Mimi nauliza nani atalisimamisha. Njiani kuna mteremko?"

"Upo mmoja. Unaishia darajani." Akafikiri. "Nitakwenda pole pole."

"Wewe utakwenda pole pole. Tela je?"

Shangazi akafunga kitabu. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe huna watu kumi na wanne wanaokula uji."

Ngoja Kwanza akajifuta kutu mikononi. Alisema tu kwamba vifaa vya breki vingefika wiki ijayo, na gari la kuvutia tela lile kwa raha ni pikapu kubwa ya jirani, ambayo sote tulijua iko safarini. Nilimkasirikia, halafu nikashindwa kujua namkasirikia kwa lipi. Kwani yeye ndiye aliyeozesha breki?

Tulikaa kwenye ngazi ya tela. Mimi bado nilikuwa na kilo kichwani, zinapanda na kushuka, na nikauliza swali kwa sababu tu sikulijua jibu lake.

"Na meno yenyewe yana kilo ngapi?"

Shangazi akanitazama. Akaingia ndani, akarudi na boksi na ile mizani ndogo anayopimia unga. Meno ya watu kumi na wanne, juu na chini: gramu mia sita na arobaini. Akacheka, akaacha, akatazama tela kwa muda mrefu. Sikujua kama amefurahi au ameumia.

"Shusha kila kitu," akasema. "Mashine ya kusugulia, koleo, nusu gunia la plasta. Vitakaa kwenye buti la gari."

"Tutalala wapi?"

"Kwa yeyote atakayekuwa na meno."

Jumamosi tulifika kwa Mama Pazia saa nne asubuhi. Tuliegesha chini ya dirisha lake, Shangazi akafungua buti, mwana wa mkunga akatupitishia waya wa umeme, na buti likawa meza. Meno yakaingia dirishani. Yakarudi.

"Yanauma kushoto," sauti ikasema nyuma ya pazia.

Shangazi akasugua. Yakaingia, yakarudi.

"Si hapo. Huku."

"Huku wapi, dada? Juu au chini? Sikuoni."

Mara ya nne hayakurudi. Tukasubiri. Nikadhani yamevunjika, au amekata tamaa, na kwamba kama tungekuwa na tela angeingia humo kwa siri na mambo yangekwisha zamani. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mama mrefu kuliko nilivyofikiria, mkono mmoja mdomoni, meno kwenye mkono wa pili.

"Hunielewi," akamwambia Shangazi. "Nionyeshe hiyo mashine yako."

Akasimama pale nje, kwenye buti, akielekeza kwa kidole huku Shangazi anasugua. Sikujua nitazame wapi. Mwanamke mjamzito aliyekuwa anapita na ndoo akasimama.

"Mkunga? Si walisema umelala?"

Mama yule akageuka, akayachukua meno yake kwa Shangazi, akayavaa bila haraka, akayauma mara mbili.

"Nimeamka," akasema. "Weka ndoo chini nikuone."

Shangazi hakuinua kichwa. Aliniambia nimletee boksi, tupeleke ya mtu wa pili.