Kisanduku cha Hiari

"Hiari gani hiyo? Kama ni hiari, kisanduku cha nini hapo? Si wangekitoa!"

Denise Hudak alikuwa anagombana na simu yake kwenye chumba cha mapumziko cha wauguzi, wodi ya moyo, hospitali moja hapo Youngstown, Marekani. Supu ilishapoa. Amefanya uuguzi miaka kumi na moja, sasa anataka shahada ya pili ili naye awe anaandika dawa mwenyewe. Fomu ya chuo inafungwa leo saa kumi na moja jioni. Barua za wakubwa wake wa kazi za kumpendekeza zimeshafika, insha tayari. Kimebaki kisanduku kimoja: alama za mtihani wa kuingilia chuo. Ukitaka weka, hutaki acha.

Kwenye lugha alipata vizuri. Kwenye hesabu alianguka kama gunia. Mtu anayepiga hesabu ya dripu kichwani huku mgonjwa anamtapikia, eti kashindwa na pembetatu!

"Nionyeshe," akasema Bi Odessa, muuguzi wa siku nyingi, ndiye aliyemfundisha kazi. Akavaa miwani. "We mtoto! Umeshazijaza?"

"Mkono wenyewe tu, Bi Odessa. Nimeona patupu, nikajaza. Lakini sijatuma bado."

Hawa watu ndivyo walivyo. Muuguzi anafundishwa tangu siku ya kwanza: usichoandika hukukifanya. Ukiacha nafasi wazi kwenye faili la mgonjwa, kesho unaitwa ofisini. Basi Denise akiona kisanduku kitupu, vidole vinamuwasha.

"Futa."

"Wataona patupu, watadhani naficha."

"Si unaficha kweli? Hiari maana yake umeruhusiwa kuficha, mwanangu. Mimi umri wangu nauficha mwaka wa ishirini huu, nani kanifunga?"

Denise akacheka kwa hasira. "Na nikifuta halafu wenzangu wote wametuma?"

"Usiniulize mimi, chuo si changu. Wapigie wenyewe."

Hilo hakuwa amelifikiria. Wiki tatu anazunguka kwenye mitandao, anasoma ushauri wa watu asiowajua, huyu anasema tuma, yule anasema ukituma umekwisha. Namba ya ofisi ya chuo iko hapohapo chini ya fomu.

Akapiga. Akapokea mama mmoja; Denise akamuuliza kuhusu zile alama, naye akajibu kwa sauti ya mtu aliyeulizwa swali hilo mara mia.

"Ukiziweka, tunazisoma," akasema. "Usipoziweka, hatuna cha kusoma, tunaangalia mengine. Hatukati mtu kwa hilo."

"Hamtadhani naficha?"

"Dada, hatuna muda huo."

Denise akafuta. Akakitazama kile kisanduku kitupu, akakunja ngumi vidole visikirudie. Akatuma saa saba na dakika arobaini, akarudi kwa wagonjwa wake.

Baada ya wiki tano akaitwa kwenye usaili. Atachukuliwa, hatachukuliwa, bado hajui.

Sasa wewe mwenye fomu iliyokaa wazi unasoma ushauri wa wapita njia: acha ujinga. Namba ya chuo unayo. Wapigie kabla hujajaza kisanduku cha hiari. Piga sasa hivi.