Mnara wa Pili

Nianze na mwisho ili mtu asishikwe na presha bure: mnara wa pili haukujengwa, na nyumba ya Bwana Juu ipo palepale. Sasa tulieni niwaeleze ilivyokuwa, maana mtaani kila mtu anasimulia lake, na wengine hata kikaoni hawakuwepo.

Bwana Juu ni jina la utani. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kupaka rangi minara ya simu, pingili nyekundu, pingili nyeupe, akining'inia kwa mkanda na ndoo pajani. Magoti yalipoanza kulalamika akashuka, akabaki kupaka kuta za watu. Anaishi na mkewe na mama yake mzazi katika nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga kidogo kidogo, mwaka huu matofali, mwaka kesho bati. Mama haoni, sukari ilimaliza macho yake zamani. Lakini ndani ya nyumba ile haongozwi na mtu. Anapitisha vidole ukutani, anahesabu milango, anafika anakotaka, na chai anachemsha mwenyewe. Ole wako umpokonye sufuria!

Ndipo kampuni moja ya simu ikaomba kibali cha kusimamisha mnara wa mita arobaini kwenye kiwanja cha jirani. Kanuni za mipango miji zinasema nyumba ya kuishi isiwe karibu na mnara kuliko urefu wa mnara wenyewe, usije ukaanguka ukawafunika watu. Kutoka kiwanja kile hadi kwa Bwana Juu ni mita ishirini na sita. Basi kampuni ikasema, kwa upole kabisa, kwamba familia itahamishiwa nyumba nzuri zaidi ng'ambo ya mji. Nzuri zaidi! Kwa nani? Mtu wa miaka sabini na tisa asiyeona, kuta mpya atazijua lini?

"Mama ataweza huko?" mkewe alimuuliza siku barua ilipofika. Walikuwa sebuleni, na Mama alikuwa chumbani kwake, mlango wazi.

"Ataweza nini? Atakaa kwenye kiti kama mzigo, mpaka Mungu amchukue."

Kulikuwa na kifungu kimoja tu cha kuwaokoa. Kanuni zilezile zinataka kampuni itumie kwanza mnara uliopo kama bado una nafasi, ili minara isiote kila kona kama uyoga. Na mnara ulikuwepo, kule nyuma ya shule, mita mia tatu tu. Lakini kampuni ilishaleta ripoti: mnara ule una nafasi kumi na mbili za antena, na zote zimejaa.

Siku ya kikao, ukumbi wa halmashauri ulikuwa na joto la kuivisha ndizi. Injinia wa kampuni, mtu nadhifu mwenye viatu vya kung'aa, akaonyesha picha ya ule mnara ukutani.

"Mnaona wenyewe," alisema. "Hakuna pa kuweka hata kijiko."

Afisa wa mipango miji, mama mmoja wa miwani asiyependa maneno mengi, akachukua kalamu. "Kuna mwenye neno kabla sijaandika?"

Bwana Juu alikuwa amejiandaa na hotuba nzima. Yote ikayeyuka. Akabaki anaitazama ile picha, maana mnara ule aliupaka mwenyewe mara tatu. Ghafla kicheko kikamponyoka. Mkewe akamfinya.

"We! Hapa si kijiweni."

"Samahani, mheshimiwa," Bwana Juu akasimama. "Injinia, hebu ikuze picha hapo katikati. Hapohapo, ahsante. Hizo antena tano zina rangi gani?"

"Nyekundu na... nyeupe," injinia akasema.

"Na hizo saba nyingine?"

"Kijivu."

"Ehee! Aliyezipaka hizo tano ni mimi hapa. Na antena inayofanya kazi haiguswi na brashi, mheshimiwa. Ukiipaka unaharibu mawimbi, na kazi huna. Hizo tano ni za kampuni iliyofunga shughuli zake miaka tisa iliyopita. Msimamizi aliniambia nizipitishie rangi zifanane na chuma, kwa kuwa zimeshakufa. Hawa ndugu zetu wamehesabu maiti, wakasema nyumba imejaa wapangaji!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Afisa hakucheka. Alimgeukia injinia.

"Mlipanda?"

"Tulihesabu... kutokea chini."

"Mwenye macho haambiwi tazama, injinia."

Hata hivyo hakukubali maneno matupu, na alifanya vyema. Alituma mafundi wake wakapande. Siku tisa Bwana Juu hakula akashiba. Siku ya kumi akaitwa ofisini, akapewa barua yenye mhuri: antena tano mfu zishushwe, kampuni itundike zake palepale, ombi la mnara mpya limekataliwa. Alishusha pumzi mpaka karani akamuuliza kama anaumwa.

Nyumbani alimkuta Mama sebuleni, ameketi kwenye kiti. Tangu barua ya kwanza alikuwa hapo kutwa nzima, akiletewa kila kitu, akisema miguu inamuuma.

"Mama, hatuhami!"

"Sema tena."

"Hatuhami. Hii hapa barua, ina mhuri. Shika."

Mama aliupapasa mhuri. Kisha akaweka mikono magotini, akainuka. Bwana Juu akakimbilia kumshika.

"Taratibu, Mama. Si miguu inauma?"

"Haijaniuma hata siku moja, mwanangu," alisema, huku akiutafuta ukuta. "Nilikuwa najizoesha kukaa."