Mgeni Rasmi wa Websaiti

Mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya shirika la umma nilikokuwa nikichapa barua kubinafsishwa na sisi makarani kuambiwa twende nyumbani, niliamua kutengeneza websaiti. Siku hizi tunasema tovuti. Wakati ule, mtaani kwetu Temeke, ndugu zangu waliona shirika limenipunguza kazi na akili pia.

Ilikuwa ya mapishi, kwa Kiswahili. Nilizunguka kwa majirani nikaandika wanavyopika na kuwapiga picha. Ukurasa wa mbele nikaweka mchuzi wa pweza wa mama mmoja wa Kizaramo, mama lishe aliyekuwa na kibanda karibu na stendi, kwa sababu ndiye wa kwanza kunieleza bila kuficha kitu. Nilimwahidi picha yake itakaa pale mbele, naye akaenda kusuka nywele kwa ajili hiyo.

Kurasa zenyewe ziliwekwa hewani na mwenye duka la intaneti kule mjini, yule yule aliyenifundisha kuzitengeneza. Lakini alikuwa mfanyabiashara. Aliniambia waziwazi kwamba gazeti lisipoandika habari za websaiti hiyo na kulitaja duka lake kabla ya Ramadhani, anazifuta.

"Sista, hakuna anayezisoma," alisema.

Basi nikavaa viatu vyangu vya ofisini nikaanza kuyazungukia magazeti. Yalikuwa mengi, kila kukicha limetoka jipya, nikadhani lazima yana njaa ya habari. Mhariri wa kwanza alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza uzinduzi ni lini.

"Imeshafunguliwa," nikamwambia. "Unaweza kuisoma hata sasa hivi."

"Na mgeni rasmi nani?"

Nikamweleza hakuna mgeni rasmi, ile ni websaiti, haina utepe wa kukata. Akaweka kalamu chini. Sasa yeye ataandika nani kasema nini? Gazeti la pili wakaniuliza hivyo hivyo. La tatu walitaka kwanza kujua kwa nini sikuandika Kiingereza, maana intaneti ni ya wenye Kiingereza chao, halafu nao wakauliza mgeni rasmi nani. Nilitoka pale nimefura. Kila kitu kilikuwa huria, mitumba huria, redio huria, lakini habari bado ilikuwa si habari mpaka mheshimiwa aikatie utepe.

Ramadhani ikawa inakaribia. Kaka yangu akanitafutia diwani, na msaidizi wa diwani akaja nyumbani na masharti.

"Mheshimiwa amekubali, na waandishi anao," alisema. "Ila picha yake ikae ukurasa wa mbele, na hotuba yake hapo chini."

"Ukurasa wa mbele una mwenyewe."

"Yule wa pweza?" Akacheka.

"Huyo huyo."

Alipoondoka, kaka alinigeukia. "Unaringia nini? Mama mwenyewe hata kompyuta haijui."

Nikamjibu kwamba ahadi naijua mimi, na bora kurasa zifutwe pweza akiwa mbele kuliko zibaki na tai ya mtu asiyejua hata kukuna nazi. Nilisema kwa ukali, lakini niliogopa sana. Sikuwa na kazi nyingine, na kile ndicho kitu pekee nilichowahi kukitengeneza mwenyewe.

Hasira ndiyo iliyonipa njia. Wanataka mgeni rasmi? Watampata. Nikachapa kadi za mwaliko kwa utaratibu wote niliojifunza shirikani, na penye mgeni rasmi nikaandika jina la mama lishe wangu, kazi yake na mahali kilipo kibanda chake. Kadi nikazipeleka kwa wahariri wale wale. Uani tukafunga turubai, tukaazima viti, tukatandika meza kuu na kuipamba kwa maua ya plastiki. Mwenye duka akaleta kompyuta yake moja yenye zile kurasa, tukaizungushia utepe.

Alikuja mwandishi mmoja tu, dada mwenye kamera begani. Kaka, ambaye alikuwa bado amenuna, akakubali kuwa mshereheshaji, na akamkaribisha mgeni rasmi kwa heshima zote. Mama akaukata utepe kwa kisu chake cha samaki, akasimama mbele ya watu.

"Mie kompyuta siijui," alisema. "Ila kilichomo humo changu, na nimekitoa kwa ridhaa yangu. Pweza ana maji yake, msimwongezee maji. Asiyeamini aje ale."

Akakaa. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Habari ilitoka ukurasa wa ndani, na picha ya meza kuu, na duka likatajwa. Dada yule aliandika kama wanavyoandika siku zote: akizindua websaiti hiyo, mgeni rasmi aliwataka wananchi waache tabia ya kumwongezea pweza maji. Wiki hiyo hiyo watu walianza kuingia dukani na gazeti mkononi, wakitaka kuonyeshwa huyo pweza. Mwenye duka hakuzungumzia tena kufuta.

Msaidizi wa diwani alirudi. Mheshimiwa, alisema, anauliza kwa nini hakualikwa.

"Mwambie aje kibandani," nikamjibu. "Apange foleni, akae kwenye benchi, ale kama wateja wengine."